Nawe Unisamehe

Tulikuwa tushatoka kwa mwalimu wa chuo cha Kurani, tushapita kwa muuza samaki, na kwa wale mabibi wawili walionuniana na shemeji yangu tangu harusi ya mwaka juzi. Kila mlango maneno yalikuwa hayo hayo: "Nasafiri. Nilipokukosea nisamehe, nitoe moyoni." Na kila mlango jawabu lilikuwa hilo hilo: "Nimekusamehe duniani na akhera. Nawe unisamehe." Mkono, dua fupi, twatoka. Ndege ilikuwa ya kesho yake, na Jomvu Kuu ni padogo mpaka siku unapotaka radhi ya kila mtu uliyewahi kumkaripia.

Shemeji yangu Ghalib alikuwa yuwaenda Hija. Bintiye Raihana, aliyeko Maskati, ndiye aliyemlipia. Mimi nilifuatana naye kwa kuwa mtu hapiti nyumba za watu kutaka radhi peke yake, na kwa kuwa sikuwa na kazi nyingine. Dadake ndiye aliyekuwa mke wangu, Mungu amrehemu, na kila nikichoka na dunia hurudi kulala ukumbini kwa Ghalib. Nimezunguka sana. Nimebeba katani Tanga, nimepaka rangi meli Beira, nimefungwa Moroni kwa kukosa karatasi. Shule nilisoma vipande, huku darasa moja na kule nusu. Lakini radhi ni nini naijua, na hiyo hunifunzi.

"Bado nani?" nilimuuliza. Miguu ilikuwa yaniwaka moto.

"Mmoja tu. Lakini yuko Changamwe."

Nikasimama pale pale njiani.

"Salem?"

"Salem."

"Ghalib, una wazimu wewe."

"Hija haina huyu namtaka na huyu simtaki, shemeji."

"Yeye ndiye aliyekukosea! Yeye ndiye wa kuja kwako, tena kwa magoti!"

Ghalib akaanza kutembea, nami ikabidi nimfuate. "Nalimtukana langoni, mbele ya watu," akasema. "Nikamtaja na mamake. Mamake yule amenilisha uji Ramadhani kadhaa nilipokuwa mdogo, wakati mamangu yuwaumwa. Nitakwenda kusimama Arafa na tusi lile mdomoni?"

Tukapanda gari tukaenda.

Nieleze kwanza huyo Salem ni nani, maana hasira yangu yote inaanzia kwake. Salem ndiye mwenye godauni la chai Changamwe, lile la kuchanganya chai ya bara na kuitia kwenye mifuko ya kwenda ng'ambo. Ni mtu wa kwetu, wa nyumba kubwa ya biashara, Kiswahili chake safi kuliko changu. Ghalib alimfanyia kazi miaka mingi katika lile vumbi, mpaka kukohoa kwake kukawa kwajulikana mtaa mzima. Wafanyakazi walipochoka kuitwa vibarua wa siku hali wapo miaka, walijiunga na chama, wakamchagua Ghalib mwenyekiti wa tawi. Haukwisha mwezi. Asubuhi moja wakakuta mlinzi mpya langoni na amri moja: waliojiunga na chama warudi makwao. Na hao wengine, ambao hawakujiunga, wakaambiwa waingie haraka wasiangalie nyuma. Hapo ndipo Ghalib alipomtukana Salem mama.

Walikwenda afisi ya kazi, wakaambiwa njooni wiki ijayo mpaka viatu vikaisha soli. Walikwenda mahakamani, kesi ikaahirishwa, ikaahirishwa tena. Mwisho shirikisho la vyama kule Nairobi likapeleka malalamiko Geneva. Kule kuna Shirika la Kazi la Duniani, na ndani yake iko kamati inayosikiliza malalamiko ya vyama vya wafanyakazi. Haimwiti tajiri aliyefukuza watu. Huiuliza serikali. Mwanzo hata wenyewe hawakuelewa. Nafula, aliyekuwa naibu wa Ghalib katika tawi, mwanamke wa Bungoma kule bara anayekaa Chaani, alimuuliza Lynnette, afisa wa lile shirikisho, kwa simu, nami nikiwapo: "Kwani ni serikali iliyonifukuza? Si ni Salem?" Lynnette akamjibu: "Serikali ndiyo iliyoiahidi dunia kwamba hutafukuzwa kwa sababu ya chama. Kwa hivyo serikali ndiyo itakayojibu."

Basi watu wote wale waliofukuzwa walikuwa wakingoja serikali ijibu nini. Hilo ndilo lililokuwa limebaki. Kamati ikisema walionewa, wana la kushika mkononi mahakamani na la kumwonyesha Salem. Kamati ikifunga faili, wamekwisha.

Na katikati ya kungoja huko, Ghalib akanipeleka kwa Salem.

Mlinzi alitaka kutuzuia. Alipoona kanzu na kusikia Hija, akafungua. Afisini mlikuwa na baridi ya mashine, na Salem hakuwa peke yake. Kwenye kiti cha wageni alikaa Phineas, afisa wa kazi, huyo huyo wa njooni wiki ijayo. Mbele yake sahani ya mahamri na mbaazi, na kikombe cha chai ambayo bila shaka ilipakiwa na watu waliofukuzwa. Nikamtazama Ghalib, nikidhani atageuka. Hakugeuka.

"Salem," akasema, "nasafiri. Nimekuja unisamehe. Nilikutukana, nikamtaja na mamako, na lile lilikuwa kosa. Na mengine niliyokukosea, nitoe moyoni."

Salem akainuka, akazunguka meza na harufu yake ya udi. Akaushika mkono wa Ghalib kwa mikono miwili. Nitasema kweli, machozi yalimlenga.

"Nimekusamehe duniani na akhera, Ghalib. Nawe unisamehe."

"Nimekusamehe."

"Basi yamekwisha?"

"Baina yangu na wewe yamekwisha," Ghalib akasema, pole pole, kama anayemsomesha. "Ya wenzangu ni ya wenzangu. Hayo si yangu kuyasamehe."

"Nenda salama. Unikumbuke kwa dua."

Phineas alikuwa akitafuna. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeonyeshwa sinema nzuri. Tukatoka. Ghalib alishusha pumzi mpaka mabega yakashuka, na njia nzima ya kurudi hakukohoa hata mara moja.

Akaenda zake Makka.

Alikuwa bado hajarudi, Nafula alipotujia Jomvu Kuu juu ya bodaboda. Tima, mke wa Ghalib, alikuwa uani akikuna nazi, nami nimekaa barazani sifanyi kitu. Nafula hakubisha hodi. Alikuja moja kwa moja na simu mkononi, kaishika kama jiwe la kurusha.

"Yuko wapi mwenyekiti?"

"Si unajua yuko Makka," nikamwambia. "Karibu kiti."

"Sikai! Mzee Ukasha, niambie ukweli. Ulienda na yeye kwa Salem?"

"Nilikwenda."

"Aliomba msamaha?"

"Alitaka radhi, ndiyo. Ni ada ya mtu anapo—"

"Woi!" Akajipiga paja. "Kwa hivyo ni ukweli! Nilimwambia Lynnette wamedanganya. Nikaapa na jina la mama yangu. Kumbe ni ukweli! Ametuuza!"

Tima akatoka na mbuzi ya kukunia mkononi. "Nani kauzwa? Nani kauza nini nyumbani kwangu?"

Nafula akatusomea. Serikali ilikuwa imejibu Geneva, na Lynnette akamtumia. Lilikuwa kwa Kizungu, naye akawa atufasiria kipande kwa kipande. Kwamba mwenyekiti wa tawi alikwenda kwa hiari yake mwenyewe afisini kwa mwajiri. Kwamba mbele ya afisa wa kazi alikiri makosa yake na kuomba msamaha. Kwamba mwajiri, kwa moyo mwema, akamsamehe. Kwamba mgogoro umekwisha kwa maelewano, na serikali yaiomba kamati kwa heshima ifunge faili.

Tima akaiweka mbuzi chini.

"Alimtukana mamake," akasema. "Alikwenda kwa ajili ya tusi."

"Hapa hakuna tusi, Mama Raihana! Hapa kuna *makosa yake*! Makosa gani? Kujiunga na chama? Mimi nikafukuzwa kwa makosa gani?"

"Sikiza, mwanangu," nikasema. "Kwetu mtu akisafiri safari ile hutaka radhi kwa kila mtu. Kwa mwema na mbaya. Hata kwa aliyemwibia. Haina maana kwamba yeye ndiye mkosa."

"Kwetu, ukiomba msamaha, umekosa," Nafula akasema. "Na huko Geneva pia, nadhani ni kama kwetu." Akavuta pumzi, na nilimwona ajizuia kulia kwa nguvu zote. "Nimekaa bila kazi huu mwaka wa pili. Nauza chakula kwa barabara, githeri. Nilikataa wakati Salem alituma mtu, aniambie nikiacha chama nitarudi. Nilikataa kwa sababu ya mwenyekiti. Nikasema yule mzee hawezi kupiga magoti. Ati safari! Si angengoja mpaka arudi?"

Akaondoka kama alivyokuja.

Mimi hasira yangu sikuipeleka kwa Ghalib. Niliipeleka inapostahili. Salem, japo anakaa kwenye majumba ya kuzungushiwa ukuta, Ijumaa husali kwetu kwa kuwa babake kazikwa pale. Nikamngoja mlangoni, watu wakivaa viatu.

"Salem!"

"Mzee Ukasha. Taratibu, tuko msikitini."

"Ndio maana nimekungoja hapa. Umemwambia nini yule Phineas? Ghalib kakiri makosa gani?"

Watu wakasimama. Salem akatabasamu, akaweka kofia sawa.

"Nami nikuulize. Alinitaka msamaha ama hakunitaka?"

"Alikutaka."

"Afisa alikuwapo ama hakuwapo?"

"Alikuwapo."

"Nilimsamehe ama sikumsamehe?"

"Ulimsamehe."

"Basi uongo uko wapi, mzee wangu?"

Wallahi, nimepigwa ngumi za mabaharia sijaumia vile. Kila neno lilikuwa kweli, na yote pamoja yalikuwa uongo, nami sikuwa na pa kuushika.

"Wewe wajua!" nikapiga kelele. "Yule wa bara hajui, lakini wewe na Ghalib mlisoma chuo kimoja, mkapigwa bakora moja! Wajua radhi ni nini! Umeichukua radhi ya mtu anayekwenda nyumba ya Mungu ukaipeleka serikalini kama risiti!"

"Mimi sikuandika kitu. Muulize Phineas." Akapanda gari lake.

Na nilimuuliza. Nilimkuta Phineas kwenye kibanda cha chakula nyuma ya afisi yake, akila ugali na matumbo. Akanikaribisha. Si mtu mbaya wa kumtazama, ndilo lililonikera zaidi.

"Mzee, mimi niliandika vile Bwana Salem alinielezea. Mlipotoka aliniambia, umeona mwenyewe, amekubali kosa, mambo yamekwisha."

"Salem alikuelezea. Na wewe ulisikia nini? Ulikuwa pale, na masikio unayo."

"Kiswahili chenu ni kirefu sana," akasema, akicheka kidogo.

"Ghalib alisema ya wenzake si yake kuyasamehe. Hilo nalo refu?"

Akaacha kucheka. Akaitazama sahani yake. "Mzee, mimi nina bosi. Ripoti ikishatoka kwangu si yangu tena." Ndiyo yote niliyoyapata kwake, na chai akanilipia, nami nikaiacha pale mezani ikapoa.

Lynnette alipiga simu. Akatueleza kwamba bado kuna nafasi. Kamati hukaa mara chache kwa mwaka, na kabla haijakaa, shirikisho laweza kujibu yaliyosemwa na serikali. Alichohitaji ni maelezo ya Ghalib mwenyewe, yaliyoapwa mbele ya wakili, kwamba hakuomba msamaha. Alishayaandika tayari. Ilikuwa ni kutia sahihi.

Ghalib akarudi kapunguka mwili, kanyoa kichwa. Nyumba ikajaa watu, tende zikagawiwa, maji ya Zamzam yakanywewa kwa vikombe vya kahawa. Watu wakimwita Alhaji naye akiona haya. Hatukumwambia kitu siku ya kwanza. Siku ya pili Nafula akaja mwenyewe, safari hii akabisha hodi. Alikuja na hayo maandishi ya Lynnette. Akampa mkono, akamwambia karibu nyumbani mwenyekiti, kisha akamsomea lile jibu la serikali, kisha akamwekea kalamu.

Ghalib alisoma kwa muda mrefu. Nilidhani atapasuka. Badala yake uso ulikuwa kama umezimwa.

"Hapa pameandikwa sikuomba msamaha," akasema.

"Ndiyo. Weka sahihi hapa chini, twende kwa wakili."

"Lakini niliomba."

"Tunajua uliomba!" Nafula akasema. "Na wewe unajua walifanya nini nayo. Sasa sema hukuomba."

"Niape?"

"Uape."

"Siapi."

"Alhaji—"

"Siapi, Nafula. Naliomba, na naliomba kwa moyo. Nalimtukana mtu mamake, nikaomba, akanisamehe. Wataka nitoke kule juzi, nije niape uongo mbele ya wakili?"

Nafula akainuka. "Sasa hiyo Hija yako tutaila? Wewe umesafishwa, uko mweupe, sisi ndio tubaki na uchafu! Salem anadanganya dunia nzima na anasali Ijumaa, hakuna kitu inamfanyikia. Wewe unaombwa neno moja tu dogo, unaogopa Mungu! Huyo Mungu anaogopwa na maskini peke yake?"

"Adabu, wewe!" Tima akasema.

"Muache," Ghalib akasema. "Anayo haki."

"Sitaki haki ya kupiga kelele! Nataka kazi yangu!"

Hapo hata mimi nikamgeukia Ghalib. Nilikuwa nimebeba hasira ile tangu mlangoni mwa msikiti na sikuwa na mwingine wa kumtupia. Nikamwambia: "Nalikukataza, ukaniambia hija haina huyu na huyu. Haya, tazama! Ukamshika mkono, ukamwambia nisamehe, akakwambia nimekusamehe nawe unisamehe, mkakumbatiana kama mabwana harusi, na yule mla mahamri yuwatazama—"

"Ngoja," akasema Nafula.

"Singoji! Na yule—"

"Mzee, ngoja! Rudia hiyo. Salem alisema nini?"

"Kasema nimekusamehe."

"Halafu?"

"Halafu nini? Nawe unisamehe. Ndivyo watu wanavyojibu."

"Alisema *unisamehe*? Salem? Kwa mdomo wake?"

Tukatazamana, mimi na Ghalib na Tima. Hatukuelewa ana nini.

"Huwa yasemwa," Tima akasema. "Ndilo jawabu lake. Ni kama mtu kukwambia shikamoo, si utajibu marahaba?"

"Na Phineas alikuwa hapo?"

"Si nakwambia alikuwa yuwatafuna," nikasema.

Nafula akakaa kitako chini kwenye mkeka, taratibu, kama mtu aliyeteremshiwa gunia mgongoni. Akaanza kucheka. Kilikuwa kicheko cha hasira, sijawahi kukisikia tena.

"Kwa hivyo na yeye aliomba msamaha," akasema. "Mbele ya afisa wa serikali. Siku ile ile, dakika ile ile. Nyinyi watu wa pwani! Mnaomba msamaha kama mnapumua, mpaka hamsikii mtu akiwaomba! Kama mwenyekiti akisema nisamehe amekubali makosa, basi Salem akisema nisamehe amekubali nini?"

Haki ya Mungu, hatukuwa tumelisikia. Nilikuwepo, masikio yangu mazima, na nilimweleza kila mtu mkasa ule, na kila mara nililiruka neno lile kama mtu arukavyo kizingiti cha nyumba yake. Na Salem naye kaliruka. Na Phineas. Ilibidi aje mtu wa Bungoma alisikie kwa mara ya kwanza.

Ghalib akaichukua kalamu. Hakuandika kwenye yale ya Lynnette. Alitaka karatasi nyeupe, akaandika kwa Kiswahili, maneno yote ya siku ile kama yalivyotoka, yake na ya Salem, pamoja na lile la "ya wenzangu si yangu kuyasamehe". Chini akaongeza: *Ikiwa radhi yangu ni kukiri kosa, na yake ni kukiri kosa. Na ikiwa radhi yake ni ada tu, na yangu ni ada. Serikali ichague moja.* Mimi, kama shahidi, nikatia dole gumba na sahihi, vyote viwili, kwa hasira. Wakili akatuapisha na hatukusema uongo hata nukta.

Lynnette alitaka kulifasiri neno radhi. Ghalib akamwambia aliache lilivyo, alieleze pembeni.

Salem alipopata habari, alifanya jambo ambalo sikulitarajia, nami nadhani nimeona mengi. Ijumaa alisimama baada ya sala, akaomba ruhusa ya kusema, akasema kwa upole kwamba amesikitika. Kwamba yeye na ndugu yake Ghalib walisameheana kwa ajili ya Mungu, na sasa maneno ya siri ya ndugu wawili yamepelekwa kusomwa na makafiri Ulaya. "Radhi hupelekwa Geneva?" akauliza. "Mtu akinitaka radhi kesho, nimuamini?"

Na watu wakamwitikia! Hilo ndilo sitalisahau. Watu ambao watoto wao walifukuzwa kwenye godauni lile walitikisa vichwa, wakamtazama Ghalib kama aliyevua nguo. Nikapiga kelele kwamba ni Salem aliyeipeleka kwanza. Nikaambiwa nikae, mimi ni mtu wa kupita. Ghalib hakujitetea. Aliinuka akasema, "Nilimsamehe Salem yaliyo yangu. Bado nimemsamehe. Ya wenzangu hayajalipwa." Akatoka kuvaa viatu.

Kamati ilikaa, na faili haikufungwa. Lynnette alitusomea kwa simu, Nafula kaiweka juu ya ndoo ya githeri tukaizunguka kando ya barabara. Kamati ilisema kwamba maneno ya kusameheana baina ya watu wawili kabla ya safari ya ibada hayawezi kuchukuliwa kuwa chama kimeondoa malalamiko yake. Ikaitaka serikali ifanye uchunguzi huru, na ikionekana watu walifukuzwa kwa sababu ya chama, ihakikishe wamerudishwa kazini na kulipwa. Na ikaitaka iijulishe kamati yanayoendelea.

Watu walishangilia. Nafula hakushangilia. Akauliza: "Na serikali ikikataa?"

"Kamati itauliza tena," akasema Lynnette.

"Na ikikataa tena?"

"Itauliza tena."

"Kwa hivyo hawana askari."

"Hawana. Wana kuuliza tu. Lakini hawaachi."

"Basi na sisi tuulize," Nafula akasema, akafunika ndoo.

Kamati imeuliza mara tatu sasa.

Phineas alihamishwa kaskazini kabla ya uchunguzi kuanza. Alichokisikia siku ile hakukiandika mpaka leo. Mahakama ya kazi ilipokea maneno ya kamati na kuamuru baadhi ya waliofukuzwa warudishwe. Wengine ikasema walichelewa kushtaki. Salem alisajili kampuni mpya kwa jina jingine, godauni lile lile, lango lile lile, akasema wale si wafanyakazi wake. Hilo nalo liko mahakamani. Wachache walirudi kazini, kwa vile mtu mmoja wa kampuni inayonunua chai kule ng'ambo alisoma habari za kamati akauliza maswali. Nafula alikuwa mmoja wao. Sasa ni mwenyekiti wa tawi, na tawi lina watu zaidi kuliko zamani. Lynnette bado yuko Nairobi. Salem bado husali Ijumaa Jomvu Kuu, na watu humpisha.

Ghalib hakurudi kazini. Kifua kilimzidi, akafa mwaka wa pili baada ya Hija yake. Watu wengi wa msikitini, kwa ajili ya ile radhi iliyokwenda Geneva, hawakuja kumzika. Salem alikuja, akasimama nyuma, akasema mara tatu kwamba amemsamehe. Hakuna aliyemjibu. Tima anakaa na bintiye Maskati. Nyumba imepangishwa, na mimi niko Tanga.